Tazama orodha ya maktaba kabla ya kulaumu programu

Nikiitwa kwenye ofisi za huku Posta kuangalia programu ya IBM i (mfumo endeshi wa IBM wa kompyuta za biashara) inayotoa hesabu za ajabu, sianzi kwa kuifungua programu yenyewe. Naandika kwanza DSPLIBL, amri inayoonyesha orodha ya maktaba, yaani sehemu zinamohifadhiwa faili na programu. Mara nyingi programu haina kosa lolote: imesoma faili yenye jina sahihi, ila kutoka maktaba nyingine.

Tangu mashine hizi ziingie sokoni kwa jina la AS/400 mwaka 1988, programu ikitaja faili WATEJA bila kutaja maktaba, mfumo hupita kwenye orodha ya maktaba kuanzia juu na kuchukua WATEJA ya kwanza unayoikuta. Hauendelei kutafuta. Juu kabisa ziko maktaba za mfumo, hadi 15. Zinafuata za bidhaa, zisizozidi 2, halafu maktaba ya sasa, ambayo ni moja tu. Chini yake iko sehemu ya mtumiaji, inayobeba hadi 250, na vurugu nyingi huzaliwa humo.

Mimi naupenda utaratibu huu. Programu ileile, bila kukompailiwa (kutafsiriwa kwa lugha ya mashine) upya, inasoma data ya majaribio leo na data halisi kesho. Anayeandika jina la maktaba ndani ya programu ya RPG, lugha inayotumika kwenye mashine hizi, anaitupa faida hiyo bure.

Lakini orodha inataka nidhamu. ADDLIBLE, amri ya kuongeza maktaba kwenye orodha, usipoiambia mahali, huiweka maktaba mwanzo wa sehemu ya mtumiaji. Mwanaprogramu anaongeza MAJARIBIO asubuhi, anasahau kuiondoa, jioni anatuma kazi ya mishahara kwa SBMJOB, amri ya kutuma kazi ijiendeshe yenyewe. Kazi hiyo hurithi orodha ya aliyeituma, kwa kuwa INLLIBL, kigezo cha orodha ya kuanzia, huwa *CURRENT (orodha ya sasa) usipoibadilisha. Mishahara inapigwa kwa data ya majaribio, wala hakuna ujumbe wa kosa, maana faili zote mbili zina muundo mmoja. Hilo ndilo linalonitisha kuliko programu iliyokwama, kwani iliyokwama walau inakuita.

Kazi iliyopangiwa saa kwa amri ya ADDJOBSCDE ina tabia nyingine: hairithi orodha yako, inachukua ile iliyoandikwa kwenye maelezo ya kazi (job description), kumbukumbu ya mfumo inayoeleza kazi iendeshwe vipi. Ndiyo maana kitu kilichokubali mchana mbele ya macho yako kinaweza kugoma usiku.

Kwa hiyo nawasihi vijana ninaowafundisha waiweke orodha mahali pamoja, kwenye maelezo ya kazi, na kila mfumo uwe na maelezo yake. Programu ya CL, lugha ya amri za mfumo, ikilazimika kuibadili, iirudishe kama ilivyoikuta, hata pale inapoishia kwa kosa. Ichukue orodha kwa RTVJOBA, amri ya kusoma taarifa za kazi, kwa kigezo USRLIBL (sehemu ya mtumiaji), kwenye kigeu (variable) cha herufi 2750. Programu nyingi za zamani zina kigeu cha herufi 275, zinazotosha maktaba 25 tu. Wakati wa kurudisha, CHGLIBL, amri ya kubadili orodha, haipokei kigeu kimoja chenye majina mengi. Unga amri nzima kama maandishi, uipe QCMDEXC, programu ya mfumo inayoendesha amri iliyo katika maandishi. Na maktaba ya sasa haimo ndani ya USRLIBL, hivyo ihifadhi peke yake kwa kigezo cha CURLIB.

Wanaotumia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, waangalie pia mtindo wa kutaja majina, ambao ni *SYS (wa mfumo) au *SQL. Kwa *SYS, jedwali lisilotajiwa maktaba hutafutwa kwenye orodha. Kwa *SQL halitafutwi huko, hata uipange orodha vizuri namna gani.