Uwanja wa majaribio wa magari yanayojiendesha: maana yake na kazi yake

Aliyepitia chuo cha udereva hapa Malindi anaijua ile meza yenye mji wa mfano. Wengi tunaiita bodi. Barabara zimechorwa kwa rangi, kuna raundabauti, njia panda na kivuko cha waendao kwa miguu. Mwalimu anakukabidhi kigari cha plastiki na kukwambia, "Haya, toka hapa uende hospitali." Ukikata kona vibaya unarudishwa mwanzo, wala hakuna aliyeumia. Baadaye ndipo unaposhika usukani, kwanza kiwanjani, kisha barabarani mwalimu akiwa ubavuni.

Gari linalojiendesha hupitishwa njia hiyohiyo. Bodi yake ni kompyuta, ambamo programu ya gari huzungushwa usiku na mchana katika mitaa ya kubuni. Mwisho wa safari ni barabara ya watu. Katikati ndipo penye uwanja wa majaribio: eneo lililozungushiwa ua, lenye lami, taa na makutano ya kweli, ila watu na magari yanayokutana na gari hilo yamepangwa. Breki ni zenyewe, mvua inalowesha kamera kwelikweli; anayekatiza mbele ndiye sanamu.

Viwanja vya kujaribia magari ni vya zamani. General Motors ilifungua chake huko Milford, Michigan, mwaka 1924. Lakini siku zile dereva alikuwa mtu, na kilichopimwa kilikuwa chuma: injini, breki, springi. Sasa kinachopimwa ni uamuzi. Ndiyo maana Mcity, uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan uliofunguliwa Julai 2015, umejengwa kama mtaa. Kwenye hekta zipatazo 13 kuna kuta za mbele za majengo zisizo na nyumba nyuma yake, raundabauti, kipande cha changarawe, daraja la chuma, hata vibao vya barabarani vilivyochafuliwa kwa makusudi. Singapore nayo ilifungua uwanja wake mwaka 2017, wenye mashine ya kunyesha mvua. Wao huendesha kushoto kama sisi.

Tulitazame jaribio moja kwa karibu. Magari mawili yameegeshwa kando ya njia. Nyuma yake kuna sanamu ya mtoto, miguu inachezacheza kama ya mtu atembeaye, imesimamishwa juu ya kibao chembamba kinachovutwa na mota. Gari linakuja kwa kilomita 30 kwa saa. Likifika pale palipokusudiwa, mtoto anachomoka. Vyombo vinaandika gari lilimwona lini, likashika breki lini, likasimama umbali gani. Kisha kila kitu kinarudishwa mahali pake na jaribio linafanywa upya, na upya tena. Halafu mwendo unakuwa 40. Halafu taa zinazimwa, iwe usiku. Kinabadilishwa kitu kimoja tu kila mara, ili likishindwa ijulikane limeshindwa kwa nini. Yapo hata magari bandia ya sponji na kitambaa, ambayo rada huyaona kama magari halisi, nayo yakigongwa husambaratika na kuungwa tena.

Hiyo ndiyo faida yake kuu, na barabara haiwezi kuitoa. Barabarani tukio la hatari huja mara moja, bila taarifa, na huwezi kumwomba mtoto arudie. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipiga hesabu mwaka 2016: ili kuonyesha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba magari haya hayasababishi vifo vingi kuliko madereva wa Marekani, yangepaswa kwenda kama kilomita milioni 440 bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakitembea saa 24 kila siku yangemaliza kazi hiyo kwa miaka 12 na nusu. Hakuna wa kungoja hivyo, kwa hiyo hatari huitwa uwanjani badala ya kungojewa njiani.

Maneno mawili huchanganywa sana hapa. Kuhakiki ni kuuliza: je, gari limefanya kile lilichoundwa kufanya? Kuthibitisha ni kuuliza: je, kile lilichoundwa kufanya kinatosha kwa barabara litakayokwenda? Swali la pili ndilo zito. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka huku anasukuma baiskeli. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla. Ikamwita mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila ilipobadili jina ilianza upya kukisia anaelekea wapi. Programu haikuundwa kumtarajia mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Mtu aliyewekwa nyuma ya usukani kuchunga naye hakuwa akitazama barabara. Nikisoma habari ile huwaza mji wangu. Hapa kwetu ni wangapi wanaovukia kivukoni?

Kwa sababu hiyo gari huthibitishwa kwa mazingira yaliyotajwa: barabara za aina gani, mwendo gani, hali gani ya hewa. Likifaulu kwenye lami kavu ya Arizona, limefaulu huko. Mwaka 2017 Volvo ilieleza kwamba mitambo yake ya kutambua wanyama wakubwa, iliyojaribiwa Sweden kwa mnyama mkubwa wa misitu ya huko, ilitatizwa nchini Australia na kangaruu, mnyama aendaye kwa kuruka. Mitambo ilipima umbali wa mnyama kwa kutazama anapogusa ardhi. Kangaruu akiwa hewani alionekana yuko mbali. Akitua, ghafla yuko karibu.

Sasa mfikirie punda wetu. Amebeba shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni, limejaa mchanga pande zote mbili, kwa ubavu huoni mwili, unaona mzigo wenye miguu minne. Anasimama katikati ya njia bila sababu, na hakuna anayemfuata. Au bodaboda iliyobeba godoro la sita kwa sita: kamera itaona nini isipokuwa ukuta unaokimbia? Tuktuk nayo hukata kushoto pale abiria anapoinua mkono. Haya si mambo ya ajabu, ni asubuhi ya kawaida kati ya Malindi na Mokowe, kwenye gati la kuvukia kwenda Lamu, na programu isiyoyajua haijawa tayari kuja huku hata ikiwa imefaulu kwingine kote.

Uwanja wa majaribio wa Pwani ungehitaji punda bandia mwenye shogi, na punda bandia huundwa kwa vipimo. Urefu wa mgongo, upana wa mzigo, mwendo akiwa mtupu na akiwa amebeba, muda anaosimama njiani: mwanafunzi wa uhandisi mwenye futi ya fundi, simu na ruhusa ya wenye punda anaweza kuanza kuviandika wiki hii, pale gatini Mokowe.