Ukiwa na sonona: usali, uende hospitali, au vyote viwili?

Mimi ni muuguzi na ni muumini. Haya ndiyo ninayoulizwa kuhusu sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, baada ya ibada na Wakristo wenzangu wa Unguja na Pemba, wengi wao wametoka bara kwa kazi.

Nitajuaje kama ni sonona na si huzuni tu?

Huzuni ya msiba huja na kuondoka: asubuhi unalia, jioni mtoto anakuchekesha. Sonona hukaa. Zikipita wiki 2 karibu kila siku moyo ni mzito, au huna hamu hata na ulivyovipenda, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, unajiona huna maana, nenda ukapimwe. Wengi hapa husema tu "nina mawazo", au hulalamikia kichwa na mgongo. Upungufu wa damu nao huchosha vivyo hivyo, kwa hiyo kipimo ni muhimu.

Ni kwa sababu imani yangu ni haba?

Hapana. Fungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, malkia Yezebeli anamtishia, anakimbilia jangwani, anakaa chini ya mretemu, mti mdogo wa jangwani, na kuomba afe. Hakukemewa. Malaika alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko mlimani Horebu. Ndiyo maana nawaambia wanaokwenda kumwona mgonjwa wa sonona: tangulizeni uji, mahubiri yatasubiri. Na Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina faraja mwishoni, na bado ni sala.

Basi imani inasaidia nini?

Inasaidia sana, mara nyingi kwa mambo madogo. Namkumbuka mama mmoja wa Wete, msimu wa karafuu. Mvua ilimkuta kaanika, naye kakaa barazani anazitazama zinavyolowa. Jirani yake, Mwislamu, ndiye aliyekunja mikeka akaziingiza ndani, kisha akampigia mwenzake wa kwaya. Tangu siku hiyo kila Alhamisi kuna mtu wa kanisani aliyegonga mlango wake, na Jumapili akafuatwa nyumbani. Mtu aliye mbali na mama na dada zake, kwaya ndiyo ukoo wake. Ukishindwa kusali, waache wenzako wakusalie. Mstari mmoja wa zaburi unatosha kwa siku nzima.

Nimeambiwa nifunge siku 3 na niache dawa.

Dawa usiache bila kuzungumza na aliyekuandikia. Za sonona huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla hujaona nafuu ya kweli, na hapo katikati ndipo wengi hukata tamaa. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu na wasiwasi, na ugonjwa ukarudi. Kuhusu kufunga, mimi sioni haya kusema: kwa mtu ambaye tayari hali chakula, huko ni kumwongezea njaa. Mwombe mchungaji akufungie yeye.

Niende wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Wete, Chake Chake au Mkoani ukiwa Pemba. Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua jina hilo watu wamelifanya la kutaniana. Asiyelala mwezi mzima hana haja ya kuwasikiliza.

Ndugu yangu anasema bora afe.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Mara nyingi humpa pumzi. Usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu zilizomo nyumbani, mpeleke hospitali usiku huohuo. Mchungaji mpigie mkiwa njiani.