Je, Wajua? Kwa Nini Maua ya Uganda Huwashiwa Taa Usiku wa Manane

Uganda imekaa juu ya ikweta na haina uhaba wa jua. Hata hivyo, katika baadhi ya mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Victoria, taa huwaka ndani ya vitalu nyumba katikati ya usiku. Umeme nao si wa bure. Kwa nini mwenye shamba anunue mwanga ambao mchana humwagika bila kulipiwa?

Jibu la haraka ni kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga, basi ukiuwashia taa usiku utakula zamu mbili na kukua upesi. Jibu hilo linaingia akilini vizuri sana, ila si kweli. Tupige hesabu. Jua la adhuhuri kwenye ikweta hufika luksi 100,000 na kupita (luksi ni kipimo cha mwangaza). Taa hizi, ukizipima pale majani yalipo, hutoa luksi 100 hivi. Ziache ziwake saa nne nzima: mwanga wote utakaopatikana ni sawa na ule wa jua la adhuhuri kwa sekunde 15 hivi. Wingu moja likisimama juu ya Entebbe kwa dakika chache linaunyima mmea mwanga mwingi kuliko taa zinavyouongezea usiku huo.

Na ushahidi mwingine uko shambani. Waridi, ambalo Uganda huliuza Ulaya kwa wingi, hulala gizani. Taa ni za krisanthemumu, ua la jamii ya alizeti. Kama taa hizo zingekuwa chakula, waridi ndilo lingekuwa la kwanza kudai fungu lake, maana ni lafi wa mwanga kweli kweli. Lakini waridi halijali usiku ni mrefu au mfupi. Krisanthemumu hujali, tena sana.

Mmea huu hupima giza. Usiku ukizidi urefu wa saa 10 na nusu hivi (kila aina ina kipimo chake), huacha kurefuka na kuanza kutunga matumba. Sasa, usiku wa Uganda ni wa karibu saa 12, Januari hadi Desemba. Ukiachwa ujiamulie, mmea huo utakimbilia kuchanua ungali mfupi. Anayetaka maua hana neno. Lakini mashamba haya huuza vipandikizi: ncha changa zisizo na mizizi, zinazochumwa kutoka kwenye miche mama na kusafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi na kwingineko, zikapandwe huko. Ncha iliyokwisha kushika tumba haina soko. Kazi ya taa, basi, ni kuikata usiku vipande viwili vifupi, ili mmea usione usiku mrefu hata siku moja.

Wataalamu wenyewe walianza kwa kuutazama mchana. Mwaka 1920, Garner na Allard wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walieleza kwamba tumbaku fulani iliyokataa kuchanua kiangazi ilichanua ilipofupishiwa siku kwa kufungiwa gizani. Mwaka 1938, Hamner na Bonner walionyesha, kwa gugu moja la porini, kwamba kuukatiza mchana kwa giza hakubadilishi kitu, ilhali mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku huzuia maua. Kinachopimwa ni giza.

Kipimo chenyewe ni protini ya majani iitwayo fitokromu. Chukua jerikani lenye tundu dogo chini. Mchana, mwanga mwekundu hulijaza hadi juu. Jua likizama, bomba limefungwa na maji yanaanza kuvuja, tone kwa tone. Mmea hauanzi kutunga tumba mpaka jerikani liwe limekaa tupu muda wa kutosha. Ukifungua bomba saa sita usiku, hata kwa muda mfupi, jerikani linajaa tena na uvujaji unaanza upya. Kutakucha kabla halijakaa tupu vya kutosha. Ndiyo sababu taa hafifu hutosha: kujaza ni kwepesi, kinachokwenda polepole ni kuvuja. Mbalamwezi, ambayo haifiki hata luksi moja, haijazi kitu.

Jerikani hilo lina mipaka yake, lakini. Mmea una saa yake ya ndani pia, na mwanga uleule hufanya kazi zaidi ukija katikati ya usiku kuliko ukija magharibi au alfajiri. Kuvuja peke yake hakuwezi kueleza hilo, na namna saa na fitokromu zinavyoshirikiana hutofautiana kati ya mmea na mmea.

Mkulima hunufaika na udhaifu wa kipimo hiki. Si lazima taa ziwake mfululizo: mathalani dakika 6 katika kila dakika 30, kwa saa chache, huweza kutosha, na gharama ya umeme inashuka hadi kama moja ya tano. Balbu nazo huchaguliwa zenye wekundu mwingi. Kwa upande mwingine, soya iliyobahatika, au tuseme iliyokosa bahati, kuota chini ya taa ya barabarani hubaki kijani wakati wenzake wamekwisha kukomaa.

Uholanzi mambo hugeuka. Usiku wa kiangazi huko ni mfupi mno, hivyo wakulima huvuta mapazia meusi jioni wakati jua lingali linawaka, ili krisanthemumu ikubali kuchanua. Wakati wa baridi huwasha taa kali, zenye nguvu mara makumi kuliko hizi za Uganda, na hizo ndizo hulisha kweli. Kwa hiyo mtu wa Kampala anayekuza dania kwenye chumba chenye giza asitegemee balbu ya kawaida ya darini. Anahitaji taa kali iliyoshushwa karibu na majani. Balbu ile ya darini haitaushibisha mmea wowote, ingawa krisanthemumu ikiwa ndani ya chumba hichohicho inaweza kukosa maua kwa sababu yake.