Oxford na Cambridge: chagua kozi kwanza, jina la chuo baadaye

Msimu wa maombi ukikaribia, swali ninaloulizwa zaidi na wanafunzi wa kidato cha sita ni hili: kozi gani ni rahisi kupata Oxford? Wengi wameshaambiwa waombe kozi isiyo na watu wengi, wakishaingia wahamie wanayoitaka. Ushauri huu unawakosesha nafasi vijana wenye uwezo mkubwa, na inaniuma kuuona ukienea.

Marekani, chuo kama Harvard kinakupokea kwanza, fani unaichagua ukiwa mwaka wa pili. Oxford na Cambridge hawaendi hivyo. Unaomba kozi moja, na wanaopima maombi yako ni wahadhiri wa somo hilohilo. Kwenye usaili wanaweza kukuwekea grafu au shairi ambalo hujawahi kuliona, kisha wakakusikiliza unavyolichambua, wakikubana kwa maswali. Kama somo hulipendi, hapo huna pa kujificha. Kuhama kozi ukishaingia nako ni kugumu, wala si haki yako.

Kwa hiyo soma kilichomo ndani ya kozi, mwaka kwa mwaka. Tuchukue uchumi. Oxford hawana shahada ya kwanza ya uchumi peke yake. Kuna Uchumi na Menejimenti, na kuna PPE, yaani falsafa, siasa na uchumi. Mwaka wa kwanza wa PPE unasoma yote matatu, mantiki ikiwemo. Baadaye unaruhusiwa kuacha moja. Cambridge wana uchumi wenyewe, ila wanadai hesabu za A-Level na TMUA, yaani mtihani wa hesabu wa kujiunga. Basi mwanafunzi wa HGE (historia, jiografia na uchumi) anayependa mijadala ya kodi na sera, lakini aliachana na hesabu kidato cha nne, Cambridge hapati uchumi hata awe na alama nzuri kiasi gani. PPE hawamdai hesabu, japo wanazipendekeza. Wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu) anayefurahia kukokotoa anaweza kuona falsafa inamchosha.

Fizikia nayo iko hivyo. Cambridge unaingia Sayansi Asilia, unasoma sayansi kadhaa kwanza, ndipo unabobea. Kwa mtu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) ambaye bado anapenda kemia na fizikia kwa pamoja, sioni kozi nzuri kuliko hiyo. Anayetaka fizikia tu aangalie Oxford.

Wazazi wengi wanataka udaktari. Nawaomba wajue kwamba serikali ya Uingereza inaweka ukomo wa wanafunzi wa nje kwenye udaktari, kwa hiyo nafasi ni chache mno. Kijana anayependa biolojia yenyewe kuliko kutibu wagonjwa, mwacheni aombe biolojia.

Fomu ya UCAS, yaani fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya Uingereza, ina nafasi tano, na kwa mwaka mmoja huruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge zote mbili. Maelezo binafsi, yale unayoeleza kwa nini unataka kozi hiyo, ni yaleyale kwa vyuo vyote vitano, hivyo ukichanganya sheria na uhandisi hutamshawishi yeyote. Hakikisha pia kwamba chuo kinakubali cheti cha nchi yako. Mwisho wa kutuma ni 15 Oktoba, lakini usajili wa mitihani mingi ya kujiunga hufungwa Septemba, kwa hiyo uamuzi wa kozi usivuke Agosti.