Kizibo Kimya Si Hamira Mfu

Imetokea tena wiki hii. Mtu kanitumia picha ya ndoo tupu, imesuguliwa ikang'aa, na ujumbe: "Mwalimu, hamira ilikufa. Siku nne kizibo hakijatoa hata kiputo kimoja. Nimemwaga." Lita 20 za bia ya nyumbani. Kizibo anachosema ni kile kidude chenye maji kinachochomekwa kwenye tundu la mfuniko wa ndoo. Nikamuuliza kama alipiga picha yoyote kabla ya kumwaga. Alikuwa nayo. Ndani ya ndoo, vidole vitatu juu ya usawa wa bia, mkanda wa ukoko wa kahawia ulikuwa umezunguka ukuta mzima, umekauka, umeshika vipande vya kijani vya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu.

Ukoko huo huachwa na povu lililopanda, likasimama, kisha likashuka. Hamira yake ilikuwa hai na kazi kubwa ilikwishaifanya. Alimwaga bia.

Naomba tuelewane kuhusu hiki kizibo cha maji, kwa sababu nimechoka kuona bia nzuri zikipotea kwa ajili yake. Kazi yake ni kuitoa gesi bila kuruhusu hewa na wadudu kuingia. Basi. Hakipimi uchachukaji. Ili kiputo kimoja kitoke, gesi lazima isukume maji ya sentimita moja au mbili. Mfuniko ukiwa na mwanya ambao hata huuoni, au raba ya tundu ikiwa imelegea, gesi itapita huko na kuyaacha maji yametulia. Ndoo za plastiki karibu zote huvuja hivyo. Wakati bia inachachuka kwa nguvu, uvujaji huo hauna madhara, maana gesi inatoka muda wote na hewa haipati nafasi ya kuingia. Ukitaka kuthibitisha, paka maji ya sabuni kwa nje ukingoni mwa mfuniko, utaona viputo vinachomoza hapo.

Hata chombo kisichovuja kabisa huanza kikiwa kimya. Kwenye nyuzijoto 20, kila lita ya bia hubeba takriban lita 0.85 za hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake. Piga hesabu kwa lita 20: zinapatikana lita 17 hivi za gesi ambazo kimiminika kinaweza kumeza. Kwa hiyo hamira inaweza kuwa kazini kwa saa kadhaa na wewe huoni kitu. Tena ukifunika maji ya kimea, yale matamu ambayo hamira huyageuza bia, yakiwa bado vuguvugu, yanapopoa hewa ya ndani husinyaa na maji ya kizibo huvutwa kurudi ndani. Watu huniandikia kwamba kizibo "kinafanya kazi kinyume." Ni kupoa tu.

Saa za mwanzo hamira inajiandaa. Inavuta oksijeni iliyomo, inaimarisha utando wa seli zake, inaanza kuzaana. Hamira kavu iliyo hai huchukua saa 6 hadi 24 kabla hujaona dalili. Hamira ya maji, ile inayouzwa ikiwa kimiminika, ikiwa imekaa muda mrefu inaweza kufika hata siku tatu. Chungulia kupitia ukuta wa chombo kwa tochi. Kwanza utaona visiwa vyeupe vya povu, halafu povu zito la rangi ya maziwa, kisha madoa ya kahawia juu yake. Harufu nayo hubadilika. Hamira nyingine, hasa za bia zinazochachushwa kwenye baridi (lager), hunuka kama yai viza kwa siku kadhaa, na bia hutoka safi kabisa. Usiiogope harufu hiyo.

Kuhusu oksijeni nina shaka yangu. Wengi hufundishwa kutikisa maji ya kimea kwa nguvu kabla ya kutia hamira, na kwa hamira ya maji nakubali kabisa. Lakini hamira kavu hutoka kiwandani na akiba yake ya mafuta ya kujengea utando wa seli. Nimetikisa na nimeacha kutikisa, na mdomoni sikupata tofauti. Bado natikisa. Sababu nzuri sina, ni mazoea ya mikono.

Joto nitalisema kwa ufupi: pima la bia, usipime la chumba. Uchachukaji wenyewe hutoa joto, na ndani ya chombo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa. Kwa bia za kawaida za hamira inayochachusha juu (ale), anzia nyuzijoto 18.

Kosa la upande wa pili ndilo linalonitisha, kwa sababu linaumiza watu. Kizibo kimenyamaza, mtu anasema bia imeiva, anatia kwenye chupa. Kumbe sukari bado ipo, hamira inaendelea kula chupani, na chupa inapasuka. Vioo vinaruka. Mwingine bia yake imekwisha kuiva lakini anaendelea kungoja kwa sababu kizibo kinatoa viputo, kumbe mchana umepata joto na gesi iliyoyeyuka inatoka yenyewe.

Tumia haidromita, kipimo kinachoelea kwenye bia na kuonyesha uzito wake ukilinganisha na maji; namba hushuka kadiri sukari inavyoliwa. Chota kidogo kwa kifaa kilichotakaswa, ukizungushe kipimo ili viputo vilivyoking'ang'ania viachie, maana hukiinua na kukupa namba ya uongo. Ulianza na 1.050, sasa unasoma 1.030? Inachachuka, hata kama kizibo kimelala usingizi. Unasoma 1.012, na siku tatu baadaye bado ni 1.012, na ladha haina utamu wa kimea kibichi? Hapo tia kwenye chupa. Una kilevi cha karibu asilimia 5. Ulichochota kionje, usikirudishe ndooni.

Zikipita saa 72 na namba haijashuka hata kidogo, ndipo utie pakiti nyingine ya hamira. Na kabla hujamwaga chochote, niandikie. Nitumie picha ya haidromita, ya kizibo sitaijibu.