Kiwanda Kikihamisha Ubanguaji, Msisubiri Barua

Kabla mwenye kiwanda cha korosho hajasema lolote, wabanguaji huwa wameshajua. Kilo za kubangua zinapungua mezani. Boila limeharibika na fundi haji. Lori la korosho ghafi lililoingia asubuhi linatoka jioni na magunia yaleyale, limeelekea bandarini Mtwara, hakuna gunia lililofunguliwa. Akina mama wa kumenya ganda la ndani wanarudishwa nyumbani saa sita, siku ya tatu mfululizo.

Siku hizo ndizo za kuitisha kikao cha tawi la chama cha wafanyakazi. Katika mafunzo ninayotoa kwa viongozi wa matawi huku Mtwara na Lindi, swali hunifikia likiwa limechelewa: "Mwalimu, barua ya kupunguzwa kazi tumepewa jana, sasa tufanyeje?" Lipo la kufanya, lakini lile kubwa lilikuwa wiki kadhaa nyuma.

Tuanze na kazi yenyewe inakwenda wapi. Kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hutokana na kilo nne hadi tano za ghafi, kwa hiyo ungedhani watu wangebangua palepale mkorosho ulipo, waokoe nauli ya kusafirisha maganda. Biashara haikwenda hivyo. India ina miji kama Kollam iliyoishi kwa ubanguaji kizazi baada ya kizazi. Vietnam nayo imesimika mashine nyingi kiasi kwamba korosho ya mashamba yake haivitoshi viwanda vyake, inabidi inunue Afrika.

Kusini tumeshaliona hili. Viwanda vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na mitambo kutoka Italia na Japani, vilisimama kimoja baada ya kingine, na baadhi ya majengo yake yakageuka maghala ya korosho ghafi inayosubiri meli. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji ilipunguza ushuru wa kusafirisha ghafi miaka ya 1990 kwa shinikizo la Benki hiyohiyo. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi. Wenye viwanda na chama cha wafanyakazi walipiga kelele hadi mwaka 1999 bunge lao likapitisha ushuru wa asilimia 18 hadi 22. Kwetu Tanzania, sheria ya korosho ya mwaka 2009 iliweka tozo kwa korosho ghafi inayosafirishwa nje: asilimia 15 ya bei au dola 160 kwa tani, kile kitakachokuwa kikubwa. Mabishano ya tozo hii husikika zaidi kama habari ya pembejeo za mkulima. Sawa, ni haki yake. Lakini mbanguaji naye akisikia tozo inajadiliwa, ajue ni meza yake inayojadiliwa.

Sasa sheria. Haimzuii mwenye mtaji kuhamisha uzalishaji. Sababu za kiuchumi, kiteknolojia na za kimuundo zinakubalika. Inachomdai ni utaratibu. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza wafanyakazi. Zingatieni neno hilo, *anapokusudia*. Kisha atoe taarifa zote zinazohusika na ashauriane nanyi juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, namna ya kuchagua wa kuondoka, lini, na malipo. Akishauriana na nani? Na chama kinachotambuliwa mahali pa kazi. Wafanyakazi wasiowakilishwa na chama nao wana haki ya kushauriwa.

Mkiingia kwenye kikao hicho msianze na kuomba huruma. Ulizeni: msimu huu mmenunua tani ngapi na ngapi zimebanguliwa hapa? Mitambo inauzwa au inahamishwa? Watakaobaki ni wa idara gani? Msipoelewana, suala linakwenda kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na haifai watu wapunguzwe huku usuluhishi huo ukiendelea ndani ya siku 30.

Karatasi ninayoiogopa kuliko barua ya kupunguzwa ni ile ya "makubaliano ya kuachana". Huletwa Ijumaa jioni, mtu mmojammoja ofisini, na bahasha pembeni. Ukisaini, mwajiri ataweza kudai kwamba hukupunguzwa, mliachana kwa hiari. Usisaini siku hiyo. Omba nakala, mpelekee katibu wa tawi.

Malipo yenyewe: mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyoidai, notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), cheti cha utumishi, na nauli ya kurudi pamoja na mizigo kwa aliyeajiriwa akitoka mbali. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa mwenye utumishi wa miezi 12 mfululizo au zaidi, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyekaa miaka 13 kwa mshahara wa msingi wa shilingi 10,000 kwa siku anapata siku 70, yaani 700,000. Ni kidogo, najua. Hicho ni kiwango cha chini tu. Kilicho juu yake hupatikana kwa majadiliano.

Mbanguaji halipwi kwa siku, analipwa kwa kilo. Kwake sheria inachukua wastani wa kipato cha wiki 13 za mwisho. Rudini kwenye zile dalili nilizoanza nazo: kiwanda kinachojiandaa kuhama hupunguza kilo mezani, na kila wiki ya kilo chache inashusha wastani huo. Hata pasipokuwa na ujanja wowote, mfanyakazi anaumia mara mbili. Ndiyo maana hoja ya kwanza ya tawi iwe kukubaliana kwamba hesabu itumie wiki za msimu kamili.

Kwa upande wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, aliyechangia miezi isiyopungua 18 na kuondolewa kazini bila kuacha mwenyewe anaweza kuomba fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kaangalie taarifa ya michango yako mapema. Kukatwa si kuwasilishwa.

Na ukiona umeondolewa isivyo halali, peleka fomu CMA ndani ya siku 30. Siku hizo hazisimami kusubiri ahadi za meneja. Wenye chini ya miezi 6 kazini hawalindwi na sehemu hii ya sheria, ya kuondolewa isivyo halali, na wa mikataba ya msimu wasikate tamaa haraka: aliyekuwa akiitwa kila mwaka ana hoja kwamba alitarajia kuitwa tena.

Mama mmoja alinijia na kadi zake za kilo kwenye mfuko wa rambo, za misimu minne, zimenuka mafuta ya ganda. Ofisi ilikuwa imeandika wastani wa kilo tisa kwa siku. Tuliketi mkekani tukajumlisha. Kadi zilisema kumi na nne.