Salamu ya mita 567

Kwenye buti ya gari yangu huwa kuna kamba ya urefu wa pima tisa. Niliinunua kwenye duka la vifaa vya uvuvi, na muuzaji akaniuliza navua nini kwa kamba fupi namna ile. Sivui. Nafundisha udereva hapa Unguja, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kamba hiyo imenifaa kuliko bango lolote nililowahi kubandika.

Pima tisa ni karibu mita 17, na huo ndio mwendo wa sekunde moja kwa gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa. Mwambie kijana wa bodaboda "mita 16.7 kwa sekunde", atakutazama tu. Mshikishe ncha ya kamba, mwenzake aende na ncha ya pili mpaka kamba inyooke, halafu sema "moja". Hapo hunyamaza. Watu wetu wengi wamekulia pwani, pima wanaijua kwa mikono yao wenyewe.

Mwezi uliopita nilialikwa na sheha mmoja wa Kaskazini Unguja nikazungumze na madereva wa shehia yake. Tulikaa barazani karibu na kituo cha daladala: vijana wa bodaboda kama kumi na tano, madereva watatu na matingo wao, na wazee wa bao ambao hawakualikwa, ila baraza ni yao. Nikamwomba kijana mmoja ampigie mama yake, afungue spika, asimwambie kwamba tupo. Mimi nikashika saa.

"Assalaam alaykum mama."

"Waalaykum salaam. Hujambo mwanangu?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Mkeo hajambo? Ile homa imemwacha?"

"Imemwacha, alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi. Na watoto? Yule mdogo keshaanza chuo cha Kurani?"

"Keshaanza, anakwenda na nduguye."

"Mwenyezi Mungu amkuze. Haya, basi ukija nichukulie chumvi."

Sekunde 34. Baraza nzima ilicheka, na kijana mwenyewe akacheka kwa haya. Nikawaambia tuzigeuze zile sekunde kuwa kamba. Kamba 34 ni mita 567. Tukaanza kuzitandaza kwa macho kutoka pale kituoni: zilipita skuli, zikapita msikiti, zikapita duka la mwisho, zikaingia kwenye minazi. Umbali wote huo, kama angekuwa anaendesha, kijana angekuwa anamzungumza mkewe na homa. Na chumvi yenyewe ndiyo kwanza imetajwa.

Kampeni zetu za usalama barabarani zote humsemesha dereva: weka simu chini, funga mkanda, vaa helmeti. Maneno mazuri, nami nayasema. Lakini simu ina ncha mbili kama ile kamba yangu. Aliyeko ncha ya pili yuko jikoni, ofisini, au amejinyoosha kitandani, na hakuna anayemwambia kitu. Ukimfundisha dereva peke yake unamwachia mzigo wa kumkatia simu mama yake, na kwetu sisi huo si mzigo mdogo.

Najua jibu la haraka, kwa sababu nalisikia kila wiki: "Mwalimu, mimi sishiki simu. Nimeiweka kwenye kibao, nazungumza kwa spika." Wa bodaboda ana njia yake, anaichomeka ndani ya helmeti, ikamkaa sikioni. Dada zetu wa Vespa huitia ndani ya mtandio. Ubunifu upo, sikatai (ingawa helmeti iliyolegezwa ukanda ili simu ipate nafasi ni kofia tu). Mikono yote miwili iko kwenye usukani, basi tatizo liko wapi?

Tatizo nililiona mwenyewe, au niseme sikuliona. Mwaka 2011 nilikuwa natoka Jozani kurudi mjini. Simu kwenye kibao, spika wazi, mikono pale pale ninapowafundisha wanafunzi waiweke. Nilikuwa nikigombana na fundi aliyekuwa akinijengea, mambo ya saruji. Nilipokata simu nikajikuta Tunguu. Sasa, anayeijua njia ile anajua kwamba kabla ya Tunguu unapita Bungi, na Bungi kuna ile miembe mikubwa pande zote mbili za barabara, inayosemekana ilipandwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Haifichiki. Wageni husimamisha magari kuipiga picha. Mimi nilipita katikati yake nikiwa macho, na sikuiona hata mti mmoja. Nilisimamisha gari pembeni nikakaa kama dakika tano, kwa sababu mtu anayepitwa na miembe ya Bungi anaweza kupitwa na mtoto mwenye juzuu mkononi.

Jicho hupokea, lakini inayoona ni akili. Mtu akikuuliza jambo la kukufanya ufikiri, ukumbuke bei au umwazie fulani sura yake, akili huiacha barabara na kwenda huko. Macho yanabaki wazi mbele, yanatazama, ila hayana wa kumpelekea habari. Mkono uwe na simu au usiwe nayo, safari hiyo ya akili ni ile ile. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne ya asiyetumia, na halisemi kwamba kutumia spika kunakuokoa kwa kiasi cha maana. Wanaosoma au kuandika meseji wana hali mbaya zaidi, maana hao wameondoa na macho pia.

Utingo mmoja pale barazani aliniuliza swali zuri: mbona tunazungumza na dereva safari nzima na hatugongi? Kwa sababu wewe utingo unaona. Ikitokea gari ya ng'ombe bila taa mbele yenu, unakatiza maneno katikati, pengine unapiga bodi kwa kiganja. Mama aliyeko Donge haoni gari ya ng'ombe. Ataendelea kuuliza homa.

Wakati ninaouhofia kupita wote ni Ramadhani, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka adhana ya magharibi. Dereva ana njaa, ana kiu, kichwa kinamgonga, na barabara imejaa watu walio kama yeye, kila mmoja na mfuko wa mkate wa ufuta au tende pembeni. Halafu simu inaanza. "Umefika wapi?" Dakika tano baadaye: "Uji unapoa." Mke ana nia njema kabisa. Lakini kila akipiga anamwongezea mguu kwenye mafuta na kumwondolea akili kwenye njia, vyote kwa pamoja. Nimewahi kusema haya kwenye darsa la kina mama, na bibi mmoja akanikata kauli: "Sasa tusijue kama atafuturu kwetu au wapi?" Kicheko kikubwa, na sikuwa na jibu la hilo. Nikawaambia tu wapige kabla hajawasha gari.

Kuna na wapigaji wa mshahara. Mwanafunzi wangu wa zamani aliajiriwa na kampuni moja ya utalii, kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwapeleka mahoteli ya Nungwi. Bosi wake alikuwa akipiga mara tatu au nne katika safari moja: umewapata, umetoka, umefika wapi. Asipopokea, akirudi anafokewa. Dereva huyo unaweza kumpa semina mpaka kesho, haitamsaidia kitu kama bosi hakukaa kwenye kiti cha mbele. Siku hizi nikiitwa na kampuni huwa nauliza kwanza kama mwenye kampuni atahudhuria. Wengine hawanipigii tena.

Sisemi maneno hayana kazi, lakini naiangalia Jozani na kujifunza adabu. Kima punju, ambaye asili yake ni hapa hapa Unguja, alikuwa akigongwa sana pale barabara inapokata msitu. Watafiti waliandika kwamba zamani alikuwa akiuawa mmoja kila baada ya wiki mbili tatu. Yalipowekwa matuta manne mahali wanapovuka, ikawa mmoja kwa kama wiki sita. Madereva ni wale wale, na kima ni wale wale. Tuta linamlazimisha mtu ashuke mwendo, na akishuka macho yake yanarudi mbele, simu au bila simu. Kila skuli na kila chuo cha Kurani kilicho kando ya barabara kuu kingestahiki angalau heshima anayopewa kima.

Pemba nako kuna somo lake. Wakati wa msimu wa karafuu, ukienda Chake au Wete, utakuta majamvi ya karafuu yameanikwa mpaka ukingoni mwa lami, na watoto wanazigeuza. Njia zenyewe ni milima na kona. Pale hata kuteremsha macho kubadilisha kaseti, tuliokuwa na kaseti, kulikuwa hatari. Sasa weka simu.

Turudi barazani. Baada ya kucheka na kupima kamba, tulikubaliana jambo moja dogo: anayempigia dereva aulize kwanza "Unaendesha?" Akiambiwa ndiyo, aseme "Haya, ukifika," akate, na asiyepokelewa asikasirike. Na dereva awaambie wake nyumbani mapema, isiwe siku ya kwanza ndiyo anakata simu ya mama mkwe. Wenye simu za kisasa niliwaonyesha mpangilio wa kuendesha, ule unaomjibu mpigaji kwa meseji wenyewe. Wawili tu walikuwa wanaujua.

Hapo mzee mmoja wa bao, aliyekuwa kimya muda wote kama hatusikilizi, akainua kichwa. "Kijana, unatufundisha tuache salamu?" Baraza ikatulia. Nami nilitulia, maana hilo si suala la sekunde, hilo ni suala la malezi, na ukilikosea umepoteza kijiji kizima. Kabla sijapata la kusema, mzee wa upande wa pili wa bao akamjibu bila kuacha kusogeza kete: "Salamu yenyewe ni Assalaam alaykum. Kuianza ni sunna, kuijibu ni wajibu, na zote mbili hazifiki sekunde tano. Hayo ya homa na chuo ni yenu." Akala kete nne. Ikawa imekwisha. Kwa hiyo utaratibu wa shehia ile ni salamu kwanza, kisha "Unaendesha?", na mimi sikuchangia kitu.

Wiki iliyopita yule kijana wa chumvi alinipigia. Nilikuwa nimeegesha, nikapokea. Anasema mama yake siku hizi akisikia tu "waalaykum salaam" anauliza, "Unaendesha?", na kabla hajajibiwa keshakata. Amemkatia mara tatu, mara mbili akiwa amelala. Mara ya tatu ikabidi atoke, apande pikipiki, amfuate mpaka nyumbani kumuuliza alikuwa anataka nini.

Alikuwa anataka ndimu.